Naomba ushauri: usimamizi wa mhandisi mshauri uandikweje kwenye mkataba?
Wakuu, tunaandaa mkataba na mhandisi mshauri wa jengo la ghorofa nne. Upembuzi yakinifu, usanifu, michoro ya kina na zabuni vimeelezwa vizuri. Ninapokwama ni ujenzi ukianza. Rasimu inasema tu "usimamizi wa ujenzi", na naona ni pana mno. Ni kutembelea saiti mara mojamoja, au kuweka mhandisi mkazi kila siku? Nani anakagua nondo kabla ya kumwaga zege? Nani anaidhinisha hati za malipo ya mkandarasi? Na kipindi cha matazamio (baada ya jengo kukabidhiwa), kasoro zikijitokeza, kimo ndani ya ada ileile au kinalipwa kando? Mkataba wa mfano wa FIDIC (shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri) huweka upeo wa huduma kwenye kiambatisho, utaratibu nilioupenda sana. Mliowahi kuandaa kiambatisho cha aina hiyo, sehemu ya usimamizi mliichambua kwa kina gani?