Naomba ushauri: muuzaji anataka nimrudishie kopo la krimu iliyonidhuru ili anirudishie pesa

MamaKibo

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za leo. Ninaandika kutoka Moshi, nami ninaomba ushauri wa watu wenye uzoefu wa sheria au wa afya, kwa kuwa nimepewa siku tatu tu za kumjibu mtu.

Baada ya kujifungua mwaka jana nilibaki na madoa ya kahawia mashavuni na kwenye paji la uso, yale ambayo kina mama wengi huyapata wakati wa ujauzito. Mdogo wangu anayeishi Arusha aliingia katika duka moja la vipodozi mjini huko, akamweleza muuzaji tatizo langu na kwamba bado ninanyonyesha, akauziwa kopo la krimu kwa shilingi 35,000, ambazo alizilipa kwa simu. Aliambiwa kwamba krimu hiyo inaondoa madoa tu na wala haichubui. Niliipaka asubuhi na jioni kwa wiki kumi na moja. Katika wiki ya tatu madoa yalianza kufifia, nikafurahi na kuendelea.

Mimi ni fundi cherehani, na jambo la kwanza lililonishtua halikuwa la ngozi. Nilishindwa kutunga uzi kwenye sindano, kwa sababu vidole vilikuwa vinatetemeka kidogo, jambo ambalo halijanipata tangu nijifunze kazi. Usingizi ukapungua, uso ukawa unawaka kila ninapokaa karibu na jiko, miguu ikaanza kuvimba jioni, na mkojo ukawa na povu lisilopotea upesi. Kisha niliona kwamba pete yangu ya ndoa, ambayo ni ya dhahabu, imeingia weupe kama wa bati upande wa ndani. Nilipolichunguza kopo vizuri, nikakuta halina anwani ya mtengenezaji wala namba ya toleo, lakini chini kabisa, kwa maandishi madogo, limeandikwa kwamba krimu isigusane na dhahabu, fedha wala aluminiamu. Krimu yenyewe, iliyokuwa nyeupe, sasa inaelekea kijivu.

Mdogo wangu alirudi dukani kulalamika. Muuzaji hakubisha sana. Amesema nilete kopo lenyewe, arudishe pesa yote na kuongeza shilingi 200,000 za matibabu, kisha nitie saini karatasi kwamba shauri limekwisha. Mume wangu anaona tupokee. Je, nirudishe kopo? Na nikikataa, ninaweza kumdai nani, ilhali aliyenunua si mimi?

Babu wa Kiboriloni

Binti yangu, pole sana. Mimi niliwahi kudai fidia ya mabati mabovu, na hadi hukumu ilipotoka nauli na posho za mashahidi zilikuwa zimekula zaidi ya thamani ya mabati. Mtu anayekubali kulipa bila kuitwa mahakamani ni nadra kumpata. Pokea pesa yako ukajitibu.

Chuma cha Pua

Tuambizane ukweli bila kuoneana haya. Mkorogo wa kujichubua ni mkorogo hata ukiitwa dawa ya madoa, na anayetaka kubadili rangi aliyopewa na Mungu asimsumbue hakimu.

Muuguzi Mstaafu

Ndugu uliyetangulia, madoa ya ujauzito ni tatizo la ngozi linalotibiwa hospitalini kila siku, na hata kama dada huyu angekuwa amejichubua kwa makusudi, hakuna aliyemwambia kwamba ananunua sumu. Tuyaache hayo.

Mama Kibo, mimi sitazungumzia sheria. Ninachokuomba ni kwamba kesho asubuhi uende hospitali kabla hujazungumza na muuzaji wala wakili. Uko Moshi, kwa hiyo una bahati ambayo wengi hawana: katika hospitali ya KCMC kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha kanda, kilichopo tangu mwaka 1992, na wataalamu wake wameona nyuso nyingi zilizoharibiwa na vipodozi. Mkojo wenye povu pamoja na miguu kuvimba ni dalili kwamba huenda figo zinapitisha protini, nazo figo ni miongoni mwa viungo ambavyo zebaki, madini yenye sumu ninayoyashuku kuwa ndani ya krimu hiyo, huviumiza kwanza. Kutetemeka na kukosa usingizi ni upande wa mishipa ya fahamu. Mweleze daktari kwamba umepaka kwa wiki kumi na moja, mara mbili kwa siku, na umwombe apime mkojo, utendaji wa figo na kiwango cha zebaki.

Mpeleke na mtoto. Zebaki hupita katika maziwa ya mama, na mtoto anayelala kifuani huigusa pia katika ngozi yako, kwenye kanga na kwenye foronya. Usimwachishe ziwa kwa hofu. Mwachie daktari aamue.

Acha krimu hiyo leo. Lakini mwambie daktari kwamba hujui yote yaliyomo, kwa kuwa krimu nyingi za aina hii huchanganywa pia na steroidi kali, yaani dawa za kutuliza uvimbe na muwasho, ambazo mtu akiziacha ghafla baada ya muda mrefu ngozi hulipuka kwa wekundu na muwasho, akadhani kwamba krimu ndiyo ilikuwa inamsaidia. Wengi hurudi kwenye kopo kwa sababu hiyo tu.

Mpimaji wa Njiro

Nimefanya kazi ya maabara kwa miaka mingi, na habari ya pete imenifanya niache kula. Mnajua wachimbaji wadogo wa Geita na Chunya wanavyoikamata dhahabu: huweka zebaki kwenye mchanga, nayo huishika dhahabu na kuwa donge jeupe. Kinachotokea kwenye kidole cha mama huyu kinaelekea kuwa jambo hilo hilo kwa kiwango kidogo. Onyo la kutogusisha krimu na dhahabu, fedha au aluminiamu ni miongoni mwa alama ambazo wataalamu wa afya huziangalia wanapoishuku krimu kuwa na zebaki, hata pale ambapo neno zebaki halijaandikwa. Wakati mwingine huandikwa kalomeli, ambayo ni chumvi ya zebaki, au herufi mbili tu za alama yake ya kikemia, Hg. Rangi kuelekea kijivu inalingana na hayo pia, kwa sababu chumvi za zebaki hubadilika zinapopigwa na mwanga.

Hata hivyo, pete si kipimo. Inaweza kuwa dhahabu iliyochanganywa na madini mengine, na wakili wa upande wa pili atauliza swali hilo mapema sana. Kinachotakiwa ni sampuli ya krimu kupimwa na maabara inayotambuliwa, na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ina ofisi ya kanda Arusha. Chini ya Mkataba wa Minamata, ambao ni mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, kikomo kilichowekwa kwa vipodozi kilikuwa sehemu moja tu ya zebaki katika milioni, na mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana kukiondoa hata kikomo hicho, ili vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki vipigwe marufuku ifikapo 2025. Maana yake ni kwamba hakuna atakayeweza kusema kwamba kiasi kilikuwa kidogo.

Jambo jingine: usichote wala kuhamishia krimu kwenye chombo kingine. Mwaka 2019 mama mmoja wa Sacramento, California, nchini Marekani, aliishia hospitalini akiwa karibu kupoteza fahamu kabisa baada ya kutumia krimu yenye zebaki ya aina ya kikaboni, ambayo ndiyo hatari zaidi. Kopo lilikuwa na jina la bidhaa ya kawaida inayouzwa kila mahali, lakini mamlaka za afya za huko zilieleza kwamba sumu iliongezwa baadaye, baada ya bidhaa kutoka kwa mtengenezaji. Kwa hiyo swali la nani alitia nini, na wapi, linaweza kuamua nani alipe, na jibu lake litatafutwa kwenye kopo hilo hilo, kifuniko chake na lebo yake. Lifunge ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, liweke mbali na watoto na jiko, na usithubutu kulichoma, kwa sababu mvuke wa zebaki ni mbaya kuliko krimu.

Wakili Mdogo

Dada Mama Kibo, pole kwa maumivu. Nitaanza na la haraka: usirudishe kopo na usitie saini. Muuzaji anayetoa zaidi ya mara sita ya bei ili arudishiwe kopo lililotumika nusu anajua kwa nini analitaka. Ukilitoa, utabaki na maneno yako dhidi ya maneno yake. Na ukitia saini kwamba shauri limekwisha kwa shilingi 235,000, halafu figo zikaonekana zimeumia, karatasi hiyo itakuwa utetezi wake wa kwanza.

Kuhusu mnunuzi. Mkataba wa mauziano ni wa mdogo wako, na Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inampa yeye ulinzi mzuri: mnunuzi akimweleza muuzaji shughuli ambayo bidhaa inakusudiwa, akategemea ujuzi wake, sheria inahesabu kwamba muuzaji ameahidi kuwa bidhaa inafaa kwa shughuli hiyo. Hapo hana haja ya kuthibitisha uzembe. Wewe huna mkataba, lakini hilo halikufungii mlango. Katika karne iliyopita, kule Paisley, Uskochi, mwanamke mmoja alinunuliwa na rafiki yake kinywaji cha tangawizi, akadai kwamba mabaki ya konokono aliyeoza yalitoka ndani ya chupa, na mwaka 1932 mahakama ya juu ya Uingereza ikaamua kwamba mtengenezaji ana wajibu wa uangalifu kwa mlaji wa mwisho hata kama hakununua yeye. Msingi huo wa uzembe hutumika pia katika mahakama zetu, na unamfikia hata muuzaji au msambazaji aliyepaswa kujua kwamba bidhaa isiyo na anwani ya mtengenezaji ina walakini.

Ndugu Chuma cha Pua amegusa utetezi utakaotolewa, kwamba mtu alitaka mwenyewe. Mtu huhesabiwa kukubali hatari anayoijua. Maandishi yaliyomwonya aiokoe pete bila kumwambia lolote kuhusu figo zake hayakumpa ujuzi huo.

Muda si adui yako wa leo, ila usijisahau: kwa Sheria ya Ukomo wa Mashauri, Sura ya 89, madai ya madhara ya uzembe yana miaka 3, na ya mkataba miaka 6. Madai yako ya uzembe yapelekwe Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi badala ya Mahakama ya Mwanzo, na kwa kuwa duka liko Arusha na madhara umeyapata Moshi, unaweza kuwa na hiari ya kuchagua.

Mlango mwingine ni Tume ya Ushindani, chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayokataza kumpotosha mlaji na inayoiwezesha Tume kutoa amri ya fidia kwa aliyepata hasara. Shirika la Viwango Tanzania (TBS) nao, ambao tangu Julai 2019 ndio wasimamizi wa vipodozi badala ya iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA), wana ofisi ya kanda Arusha. Wanaweza kukamata mzigo na kumchukulia muuzaji hatua, lakini hiyo haitakulipa wewe hospitali. Ninakushauri uanze nao kwa sababu ya kopo: sampuli iliyochukuliwa na mkaguzi kwa maandishi, ikafungwa kwa lakiri na kupelekwa maabara, ina uzito ambao sampuli uliyoibeba mwenyewe kwenye mkoba haina.

Mdogo wako asifute ujumbe wa malipo wala mazungumzo ya WhatsApp, kwani Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inayakubali kuwa ushahidi, na aandike leo alichoambiwa dukani, kabla hajasahau. Kama huna uwezo wa wakili, hapo Moshi kuna shirika la KWIECO, ambao wamesaidia wanawake wengi kisheria.

Muuza Vipodozi Arusha

Mimi nina duka, na sitamtetea mwenzangu, ila msimamo wetu ujulikane. Bidhaa nyingine hutufikia kwa njia za panya kupitia mpakani, au huletwa na vijana wa mikoba wasiotoa risiti. Mwenye duka anaweza kuwa hajui kilichomo. Lakini anayeuza krimu ya namna hiyo huificha chini ya kaunta na kuitoa kwa anayeuliza, na hapo hawezi kusema kwamba hakujua.

Wakili Mdogo

Hoja nzuri, na jibu lake ni kwamba mwenye duka akidaiwa anaweza kuiomba mahakama imuunganishe aliyemuuzia. Akikosa risiti za kumtaja, mzigo unabaki kwake.

Babu wa Kiboriloni

Sikujua kwamba kuna mtoto anayenyonya. Kwa hilo ninabadili kauli, binti. Mabati yangu hayakuwa na figo.

MamaKibo

Ninawashukuru wote. Nilikwenda KCMC juzi pamoja na mtoto. Protini imeonekana kwenye mkojo wangu, sampuli nyingine zimechukuliwa, na vipimo vya mtoto vya awali havijaonyesha tatizo, ingawa tutarudi naye. Daktari ameandika muda na namna nilivyotumia krimu, na nimehifadhi nakala. Jana mdogo wangu alikuja kulichukua kopo, tukaliingiza pamoja kwenye mfuko na kulipiga picha pande zote, na leo asubuhi amelikabidhi TBS Arusha mbele ya mume wangu, wakapewa hati ya mapokezi yenye tarehe na saini.

Muuzaji amepiga simu mara mbili tangu mchana, na safari hii amepandisha hadi shilingi 500,000. Mume wangu ndiye aliyepokea, akamwambia aiandike ahadi hiyo kwa ujumbe wa maandishi. Bado hajaiandika.