Naomba ushauri: uanaume na uchu wa madaraka katika tanzia ya Macbeth

Mleta uzi: Salamu kwenu nyote. Ninaandika insha ya chuo kuhusu Macbeth, tanzia ya William Shakespeare ya mwaka 1606 hivi. Hoja yangu ni kwamba Macbeth alimuua Mfalme Duncan kwa sababu mkewe aliuchokoza uanaume wake mpaka uchu wa madaraka ukamshinda. Mhadhiri anaona kwamba nimemtwika mwanamke mzigo wote. Je, amesema kweli?

Mchangiaji wa kwanza: Amesema kweli, ndugu. Soma tena sehemu ya 1, onyesho la 7. Kabla mkewe hajaingia, Macbeth amekwisha kukiri kwamba hana kinachomsukuma isipokuwa tamaa ya ukubwa. Baadaye, anaposutwa kuwa ni mwoga, anajibu kwamba yuko tayari kutenda lolote linalompasa mwanamume, na kwamba anayethubutu kupita hapo si mwanamume tena. Fasili hiyo ni yake mwenyewe, tena ni nzuri, na anaiacha usiku uleule.

Mchangiaji wa pili: Mimi ningekwenda sehemu ya 3, onyesho la 1, ambalo wengi hulipitia juujuu. Watu ambao Macbeth anawatuma wamuue Banquo, jemadari mwenzake, wanamwambia kuwa wao ni wanaume, naye anawajibu kwamba hata mbwa, awe wa kuwinda au koko, wote huitwa mbwa, ila thamani zao hazilingani. Ni kejeli ya aina ileile aliyoipata kwa mkewe, na safari hii anaitumia yeye, huku mkewe akifichwa mpango wenyewe. Hapo utasemaje kwamba anasukumwa?

Mleta uzi: Ahsante, dada. Basi nimchukue Macduff, yule mkabaila wa Uskoti anayempinga Macbeth, kuwa kielelezo cha uanaume mwema? Anapopata habari kwamba mkewe na watoto wake wameuawa, Malcolm, mwana wa Duncan, anamhimiza alikabili jambo hilo kiume, naye anasema atafanya hivyo, lakini hana budi pia kuuhisi uchungu wake kama mwanamume.

Mchangiaji wa kwanza: Mchukue kwa tahadhari, kwa maana punde tu huzuni hiyo inageuka kuwa kiapo cha kisasi, na Malcolm anaisifu kwa kuwa sasa ni ya kiume. Halafu yupo mzee Siward, jemadari Mwingereza anayekuja kumpiga Macbeth. Anapoarifiwa kwamba mwanawe amefia vitani, anachouliza ni kama majeraha yalikuwa upande wa mbele, na akishathibitishiwa hivyo hataki maombolezo zaidi. Huyo anapigana upande wa washindi. Mpe aya nzima kabla ya hitimisho, la sivyo insha itasomeka kana kwamba Macbeth alikuwa peke yake katika fikra hizo.