Naomba ushauri: chekechea inatulazimisha kulipia chakula na nepi

Ndugu zangu mlioko England, naombeni ushauri. Mwanangu ana mwaka mmoja na nusu, na kwa kuwa mimi na mume wangu sote tunafanya kazi, tumepata zile saa 30 za malezi ya chekechea kwa wiki, katika wiki 38 za mwaka, zinazolipiwa na serikali. Hata hivyo, chekechea inasisitiza kwamba ni lazima tulipie chakula na nepi kila siku, ilhali mwongozo wa serikali unasema malipo hayo ni ya hiari na hayapaswi kuwa sharti la kumpokea mtoto. Niko tayari kumfungia chakula na kupeleka nepi mwenyewe. Je, nianze kwa kumwandikia meneja, au niende moja kwa moja halmashauri? Nahofia sana asije akapoteza nafasi, maana ameshawazoea walezi wake.