Michungwa yangu imevamiwa na kirukia, kuna dawa ya kupuliza?

Kijana wa Mabanda: Wakuu, nina michungwa 60 Muheza, karibu nusu imeotwa na kirukia, ule mmea unaoota juu ya matawi ya miti mingine. Chenyewe kijani tupu hata kiangazi, tawi la mbele yake linakauka. Nipeni dawa ya kukiua bila kuudhuru mti. Silali.

Panga Butu: Dawa ni msumeno. Kinazamisha mizizi ndani ya tawi na kunywa maji ya mti, ukikinyofoa kinachipua tena. Kata tawi, kama sentimita 30 chini ya kilipoota, kabla hakijazaa. Ndege wakila tunda, mbegu ina ulimbo, wanajifuta mdomo tawi la pili, kazi inaanza upya.

Mama Ukwaju: Msitupe jamani! Bibi yangu alikuwa anachemsha cha mchungwa kwa tumbo. Vijana wa leo kila kitu kupuliza.

Shemeji Mkimya: Mdogo wake mke wangu ana mwaka wa 3 sebuleni. Huyo nimkate sentimita ngapi?

Kijana wa Mabanda: Kukata siwezi, matawi yana matunda.

Panga Butu: Matunda si yako? Au kuna kitu hujasema?

Kijana wa Mabanda: Sawa. Niliyauza yakiwa maua, hela imeisha. Na miti 2 nimeshaipulizia dawa ya magugu jana. Ila nililenga kirukia tu, jani la mchungwa sikuligusa.

Panga Butu: Mkuu, kimeungana na mti! Dawa inaweza kushuka humo humo. Na hayo machungwa kuna watu watayala. Mwambie mnunuzi asichume miti hiyo.

Kijana wa Mabanda: Miti 2 kati ya 60, atajuaje?

Mama Ukwaju: Mungu anakuona.

Mpima Chai: Chai hii, tena ya rangi. Mwezi wa 3 uliomba ushauri wa kodi, umepanga chumba Mbagala, huna hata kuku. Leo michungwa 60?

Shemeji Mkimya: 😂😂 Sukari tafadhali.

Kijana wa Mabanda: Si chai. Shamba ni la baba.

Mpima Chai: Na yeye anajua limeuzwa likiwa maua?

Panga Butu: Mwacheni. Kijana, mzee yuko wapi?

Kijana wa Mabanda: Yuko Dar kwa matibabu, anarudi Jumamosi. Kuna mtu hapo Muheza mjini wa kuniazima msumeno?