Mnaouza masomo ya lugha ya programu ya F#, mbona habari ya skrini mnaificha? Nimechoka kabisa

Wakuu, nina hasira na sifichi. Niko Moshi, nimetengeneza programu ya kupokelea kahawa ya maganda kwenye chama kimoja cha msingi huku Kibosho, F# na madirisha ya WPF (mfumo wa Microsoft wa kutengeneza skrini za Windows), kwa sababu somo nililolipia lilisifia mwanzo mwisho kwamba rekodi za F# (fungu la taarifa, kama jina na kilo) hazibadiliki, ukishaandika imeandikwa. Sawa, hesabu zimekaa safi kweli. Sasa njoo kwenye skrini!

Kisanduku cha maandishi cha WPF usipokiambia kitu, chenyewe kinataka kusoma na kuandika, ila propati ya rekodi (taarifa moja ndani yake, kama kilo) ni ya kusoma tu, basi dirisha linafunguka na programu inakufa hapohapo. Nikaambiwa weka CLIMutable, alama unayoiweka juu ya rekodi. Nimeweka, haifi tena, ila CLIMutable inaruhusu kuandika tu, haileti INotifyPropertyChanged (ile taarifa ya kuiambia skrini kitu kimebadilika), kwa hiyo code ya programu ikibadilisha kilo skrini iko kimya na namba ya zamani.

Listi ndo imenimaliza. Ukiongeza kitu kwenye listi ya F# unapata listi mpya, ya zamani haijaguswa, na jedwali limeng'ang'ania hiyohiyo ya zamani. Jumanne karani kapima gunia la mama mmoja, kilo 38, kabonyeza hifadhi, kwenye jedwali hamna kitu, kabonyeza tena. Risiti imetoka kilo 76. Yule mama kaishika risiti kaiangalia weee, akasema "mwanangu, kahawa yangu nimeibeba mwenyewe kichwani, hii siyo." Foleni imefika getini, watu wameanza kuuliza kama na za jana zilikuwa sawa. Hapo unawajibu nini?

Unyevu nao niliuweka kama option (thamani inayoweza kuwepo au isiwepo) maana si kila gunia linapimwa, jedwali likaandika Some(11.5), karani akadhani ni jina la mkulima.

Sasa nakesha naandika madarasa (class) ya kawaida ya programu, kila rekodi na pacha wake wa skrini, ObservableCollection (mkusanyiko unaoiambia skrini ukiongezwa kitu) badala ya listi, nanakili kwa mkono huku na huku. Na hasira yangu sio kwa lugha, lugha naipenda, ni kwenu mnaochukua hela za watu mkafundisha bila kufungua dirisha hata moja. Elmish.WPF, maktaba ya kuunganisha F# na WPF, ipo, imetengenezwa kwa ajili ya shida hiihii, nimeikuta mwenyewe saa 8 usiku, kwenye somo lenu haikutajwa popote. Iongezeni, na sisi tulioshalipa mtupe bure.