Mliofika Uturuki: kuelekezwa sipo na kulishwa mpaka basi. Tupeane uzoefu

Mleta uzi

Wakuu, habari za leo. Watu wetu wanaokwenda Uturuki ni wengi siku hizi: wa mzigo wa Laleli na Merter (mitaa ya nguo za jumla Istanbul), wanafunzi wa Türkiye Bursları (ufadhili wa masomo wa serikali yao), wanaosindikiza wagonjwa, na wengine wanaounganisha tu ndege Istanbul. Kila ninayeongea naye ana visa vya aina mbili. Kwanza alielekezwa sipo, pili alilishwa mpaka akaomba poo. Mimi naona asili yake ni moja. Ukimsimamisha Mturuki barabarani ukamuuliza kitu, umeshakuwa mgeni wake, na mgeni haondoki mikono mitupu. Njia kama haijui atakupa anayoidhania, maana kukwambia "sijui" anaona kama kakufungia mlango.

Naanza mimi. Kayseri, mchana umeshakwenda, natafuta ofisi ya kushughulikia kibali cha ukaazi. Nikaingia kahvehane, zile baraza zao za wanaume, vibao vya mchezo wa okey vinagongana mezani. Mzee wa kwanza akanyoosha mkono kuelekea mlima Erciyes: "Düz git", nyoosha moja kwa moja. Wa pili akamkata kauli, ofisi imehama zamani. Wa tatu akasema iko nyuma ya msikiti, na pale kila mtaa una msikiti. Wakaanza kubishana wenyewe kwa wenyewe, mimi nikavutiwa kiti. Chai ikaja kwenye kile kigilasi chembamba kiunoni, vibonge viwili vya sukari kwenye kisahani. Nikimaliza, kijana wa chai anaweka kingine, haulizi. Mpaka wanaafikiana, ofisi imeshafungwa.

Mmoja akasema basi, twende nyumbani ukale, kesho nakupeleka mwenyewe. Mkewe alipika mantı, vifuko vidogo vya unga vyenye nyama ndani, juu mtindi wa kitunguu saumu na siagi iliyokaangwa na pilipili nyekundu. Watu wa Kayseri wanajigamba kuwa vyao vinaenea 40 kwenye kijiko kimoja. Sikuhesabu, nilikuwa na njaa. Asubuhi mzee kaja kweli na gari. Ofisi yenyewe ilikuwa mtaa wa pili kutoka nilikofikia.

Dokezo: ukitosheka na chai, laza kijiko juu ya gilasi. Bila hivyo wataleta tu. Leteni vyenu.

Mama wa mzigo, Kariakoo

Nyie wanafunzi mnapewa mantı, sisi tunapewa madalali. Anwani ya Laleli inaandikwa jina la han, yaani jengo la maduka, halafu kat, ghorofa, halafu namba ya duka. Ukimwonyesha karatasi kijana aliyesimama tu barabarani, "gel, gel", njoo njoo, huyo kakushika mkono hadi duka la binamu yake na anakuapia kuwa ndilo hilo. Hapo tusisingizie ukarimu, hiyo ni kamisheni. Mimi nikipotea naingia duka lolote lenye mtu mzima ndani, nampigia muuzaji wangu, nampa yule mtu simu waongee Kituruki chao. Dakika chache kijana wa muuzaji anakuja kunichukua.

Chai ya dukani kunyweni bila wasiwasi, haikufungi kununua. Nimeshakunywa, nikauliza bei ya seri (ule mzigo unaouzwa saizi zote pamoja), nikaona hailipi, nikaaga. Mwenye duka akanisindikiza mpaka mlangoni, mkono kifuani.

Mdau wa Eskişehir

Hamjasema habari ya kusonywa! Wiki za mwanzo, bado nahangaika na Kituruki cha TÖMER (kituo cha kufundishia lugha), nikimuuliza mtu kama basi linafika chuoni, ananyanyua nyusi, kidevu juu kidogo, halafu "cık". Kwetu mtu akikufanyia vile mbele za watu mnashikana mashati. Nikawa nawanunia mpaka siku mama mmoja muuza simit, ile mikate ya duara yenye ufuta, alinipigia hiyo "cık" huku ananitilia simit ya pili kwenye mfuko na kukataa hela yake. Ndiyo hapana yao hiyo, haina matusi ndani.

Na tena ukiipata hiyo "cık", shukuru, umepata jibu la kweli. Ya kuogopa ni "evet, evet", ndiyo ndiyo. Ukiuliza "hili linakwenda stendi?" wengi watakuitikia ili usivunjike moyo. Uliza "lipi linakwenda stendi?" Hapo lazima afikiri. Na aulizwe dereva, sio abiria.

Mdau wa Mombasa

Dolmuş ni matatu bila muziki. Ukikaa nyuma, nauli inapita mikononi mwa watu hadi kwa dereva na chenji inarudi kwa njia hiyo hiyo, kamili. Nilipanda ya Trabzon hadi Maçka nikitaka kuona Sümela, ile nyumba ya watawa iliyoning'inia kwenye jabali. Pale Maçka bwana mmoja akaniambia ni "yakın", karibu, nitembee tu. Nikatembea. Kutoka Maçka ni zaidi ya kilomita 15, na ni kupanda bonde! Wale mliokulia bara mnaijua ile "hapo tu mbele" ya wazee wa kijijini, basi ndiyo hiyo.

Mume na mke na gunia la mahindi wakanisimamishia gari. Hawakuwa wakielekea huko, lakini walinifikisha hadi getini. Yule mama aliniita "kızım", binti yangu, akanijazia mifuko yote ya koti kwa hazelinati. Nilipotoa pesa ya mafuta mzee alikasirika kweli, si kwa kujifanya. Msitoe pesa. Nunueni boksi la baklava mkialikwa nyumbani, hilo linapokelewa.

Mdau wa Unguja

Mie nilipanga Üsküdar, Istanbul. Viatu vinavuliwa mlangoni, unapewa kandambili za ndani, kisha unamiminiwa kolonya ya limau viganjani. Hayo kwetu si mageni. Mwezi wa Muharram jirani akanigongea na bakuli la aşure: ngano, njugu, zabibu kavu, vyote ndani. Nikalirudisha na mandazi ya iliki. Siku ya pili likarudi na dolma, mboga zilizojazwa wali. Likawa linakwenda na kurudi hivyo, si yeye si mie tuliyejua la kulifanya lisimame.

Mkahawani ndiyo mtihani. Kila mtu kulipa chake wenyewe wanakuita "mtindo wa Kijerumani", na hawakusudii sifa. Ukitaka kulipa, jifanye unakwenda msalani, umalizane na keshia.

Mdau mpya

Naomba kuuliza, mimi ni dada na nasafiri peke yangu. Huo ukarimu naupokeaje? Na mtaa usiosomeka vizuri kwenye ramani ya simu nafanyaje?

Mama wa mzigo, Kariakoo

Mdogo wangu, njia waulize wanawake na wenye maduka. Mwite "abla", dada, au "teyze", mama mdogo, akiwa mtu mzima zaidi, utaona uso unavyofunguka. Mwaliko wa nyumbani kubali pale unapomwona mke au mama mwenyewe anakualika. Anayekufuata pale Taksim, katikati ya Istanbul, kwa Kiingereza laini, mkanywe kitu mahali anapopajua yeye, huyo muage hapo hapo. Utapeli huo ni wa siku nyingi, na bili ya baa hizo hulipwa kwa vitisho. Vilevile yule mng'arisha viatu anayeangusha brashi mbele yako: ukimwokotea atakushukuru kwa kukupiga kiwi, kisha anadai hela.

Kuhusu mtaa, fahamu kuwa Atatürk Caddesi iko karibu kila mji, na mtaa wa Cumhuriyet vivyo hivyo, kwa hiyo anwani iwe na jina la wilaya. Ukikwama uliza ofisi ya muhtar, kama mwenyekiti wetu wa serikali ya mtaa, anachaguliwa na wakazi na mtaa anaujua nyumba kwa nyumba. Akiwa hayupo, ingia eczane, duka la dawa. Jumapili mengi yamefungwa, ila mlangoni hubandikwa jina la lililo zamu.