Tupeane uzoefu: siku mgonjwa wetu wa akili aliporudi nyumbani

Ndugu zangu, nimekulia Dodoma, ambako mtoto hulijua jina la Mirembe kama tusi kabla hajalijua kama jina la hospitali. Hospitali hiyo ilifunguliwa mwaka 1927, enzi za Waingereza. Kabla yake kulikuwa na Lutindi, juu katika milima ya Usambara, kituo ambacho wamisionari wa Kijerumani walikianzisha mwaka 1896 kuwa makao ya watoto waliookolewa utumwani, kisha kikageuzwa kuwa cha wagonjwa wa akili. Wenzetu wa Kenya walikuwa na Mathari tangu 1910. Kote huko mgonjwa aliondolewa kwa watu wake, na kumrudisha hakukufikiriwa sana. Mwishoni mwa miaka ya 1960 vikajaribiwa vijiji kama Hombolo, ambako waliopata nafuu walilima huku wakiendelea na tiba, na katika miaka ya 1980 huduma ikaanza kusogezwa hadi zahanati, kwa majaribio katika mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro.

Baba yangu mdogo alirudi kutoka wodini akakuta chumba chake kimewekwa magunia ya mtama. Hakusema neno, alikaa kizingitini na begi lake mapajani hadi jioni. Je, kwenu mgonjwa aliporudi, nani alimpokea, na ni nini kilichomsaidia asirudi tena wodini?

Mchangiaji wa Korogwe

Kaka yangu tulimfunga kwa kamba ya katani. Ninaandika hivyo bila kujitetea, kwa sababu mganga alituambia ni kwa siku saba tu, nasi tulikuwa tumechoka kumtafuta usiku barabarani. Alama bado iko kwenye kifundo cha mkono wake wa kushoto. Alipofika hospitali na kuanza dawa, alitulia ndani ya wiki chache, na hapo ndipo tulipokosea mara ya pili, kwani tulidhani amepona na hatukumsimamia tena. Siku moja mama, akianika godoro, alikuta vidonge vya karibu mwezi mzima vimefungwa kwenye kipande cha gazeti. Muuguzi hakutugombeza. Alimuuliza kaka mwenyewe kwa nini havitaki, naye akajibu kwamba vinamfanya mikono itetemeke asiweze kushika jembe. Kumbe sisi hatukuwahi kumuuliza! Daktari alipunguza dozi, kisha akamhamishia kwenye sindano ya kila mwezi. Sasa ana shamba lake la mahindi, na tarehe ya kliniki anaikumbuka kuliko sisi.

Mchangiaji wa Temeke

Kwetu tatizo ni dawa. Mara mbili mwaka jana shangazi aliambiwa kwenye zahanati kwamba zimekwisha, arudi wiki ijayo, ilhali nauli ya siku hiyo tulikuwa tumeikopa. Mara ya pili tulichelewa kupata fedha za kununua dukani, akaacha kulala, na siku ya tano akaanza tena kuongea na ukuta.

Mchangiaji wa Moshi

Mimi si mlezi, ni mgonjwa. Nyumbani walinipokea vizuri, chumba kilikuwa changu na chakula hakikukosekana. Hata hivyo, kila ninapokasirika, hata mtu akivunja kikombe changu, swali huwa lile lile: "Umekunywa dawa?" Mtu mzima naye ana haki ya kukasirika.

Mchangiaji wa Unguja

Zimbabwe, tangu mwaka 2006, Daktari Dixon Chibanda amekuwa akiwafundisha bibi wa mtaani kukaa kwenye benchi na kumsikiliza mtu mwenye sonona, na utaratibu huo umefika hadi huku Zanzibar. Sisi wa barazani haukutushangaza sana. Mama yangu alipofiwa akaacha kula, jirani alikuja kila alasiri na ukili wake, akasuka pembeni yake bila kumlazimisha kuzungumza, hadi siku mama alipouchukua ukili na kuendeleza alipoishia mwenzake.

Mwanzilishi wa mada

Ndugu wa Temeke, hapa Dodoma walezi sita tunachanga kila mwezi, na fedha hizo haziguswi ila dawa zinapokosekana. Tunapokezana pia kuwasindikiza wagonjwa kliniki, ili anayeshinda sokoni asipoteze siku yake. Baba mdogo ndiye mweka hazina. Daftari analihifadhi chumbani kwake, ambako magunia yalitolewa siku ile ile kabla ya giza kuingia.